Ambilike aliandikwa kafa kwa homa, mimi niliuona mguu wake

Ambilike alikata roho asubuhi, kichwa chake kiko mapajani kwangu. Mguu wa kulia ulikuwa mweusi mpaka gotini, na harufu ilishawahamisha wenzetu wote chumbani.

Neno lake la mwisho: "Nirudishe nikakae na akina mama."

Wakuu, habari za humu. Mimi ni mzee wa huku Ilomba, Mbeya, shule niliishia darasa la pili. Sijasimuliwa haya, nilikuwepo.

Ilikuwa miaka ya hamsini, mkoloni bado yupo, kiwanda cha chai huko Mufindi, mbele ya Igowole. Mimi na Ambilike, Mnyakyusa wa Tukuyu, tulikuwa vijana wa kubeba kuni za tanuru la kukaushia chai.

Kulikuwa na utaratibu mmoja mzuri, lazima niseme. Ukiumia hufukuzwi. Dresa wa zahanati anakufunga kitambaa cheupe mkononi, maana yake huyu asibebe mzigo. Unakaa mkekani kibarazani na akina mama, mnachambua vijiti kwenye chai mpaka upone. Siku hizi mnaita light duty.

Mimi mwenyewe niliungua mkono, nikakaa pale wiki tatu. Nikapona vizuri kabisa.

Shida ni kwamba ile ilihesabika kazi ya wanawake. Mwanaume kukaa pale, mnajua wenyewe wanaume wa kambini.

Nimesharudi kwenye kuni, gogo likamchana Ambilike muundi wa mguu wa kulia. Dresa Yonathani akamshona, akamfunga kitambaa. "Wiki mbili usikanyage tope, umesikia?" Kesho yake akasafiri kwenda Iringa kufuata dawa.

Nyapara wetu, Mgaya, alikuwa amepungukiwa watu wa kuni. Hakumwamuru chochote, mjanja yule. Kila akipita kibarazani anapaza sauti:

"Dada Ambi, hujambo? Mahari yako tumpelekee nani?"

Kambi nzima kicheko.

Na mimi nilicheka, wakuu. Mimi niliyeukalia mkeka uleule! Nikaongeza na langu: "Dada, leo unatupikia nini?" Nilitaka watu wasahau kwamba na mimi nilikaa pale.

Siku ya nne Ambilike akakivua kitambaa, akaingia kwenye tope la mvua na gogo begani.

Mgaya akasema, "Haya, sasa umekuwa mwanaume."

Nyuzi zikafumuka siku hiyohiyo. Jioni nikamwambia, ndugu yangu, rudi kibarazani.

"Nirudi ili unicheke?"

Kesho yake akabeba kuni tena, na siku zilizofuata.

Dresa aliporudi, mguu ulishaoza. Siku ya pili yake tukamzika. Kwenye daftari la kiwanda Yonathani, ingawa mguu aliuona mwenyewe, akaandika: homa. Neno hilo najua kulisoma. Mama yake kule Tukuyu akapelekewa hiyohiyo homa, akafa akiiamini.

Nilichojifunza ni kwamba kumwacha majeruhi kazini apone taratibu kunawezekana, mimi nilipona hivyo. Lakini msimamizi akimfanya kichekesho na wenzake tukacheka, tumemuua. Waliopitia kama haya waandike hapa chini, hata matusi kwangu nitasoma.

Mgaya alishakufa. Mimi Mungu ataniuliza mwenyewe.

Ila wewe Yonathani, kama u hai, au watoto wako mmo humu: nani alikutuma uandike homa? Nataka jina lake.