Kibanda Alichokiezeka Nyanya

Mwaka huu kibanda cha sikukuu kimetugharimu shilingi elfu mbili mia nne. Nimehesabu mara mbili, maana sikuamini: mia sita zilikwenda kwa majani ya migomba. Majani! Muuzaji wa Suneka alianzia mia nane, akasema, "Ukikataa, bosi, ng'ombe wanangoja." Nikalipa, lakini moyo ulikuwa umeshanirudisha Sironga, kijijini nilikokulia.

Nilikuwa na miaka kumi na minne nilipokabidhiwa watoto wa sinagogi yetu kwa mara ya kwanza. Usidhani ilikuwa jumba. Kilikuwa chumba cha udongo chenye mabati machache, kati ya majirani Waadventista ambao angalau tulielewana nao kuhusu Jumamosi. Ilikuwa Sikukuu ya Vibanda. Mwalimu wetu, akielekea Kisii mjini, aliniambia, "Wasimamie wenzako. Jua likizama nikute kibanda." Watoto walikuwa kumi na mmoja. Nikahesabu tena: kumi na mmoja, na mmoja analia.

Nyanya yangu hakuwa wa dini yetu. Baba alihamia sinagogi, yeye akabaki na kanisa lake na shaka zake. Siku hiyo alikuja kwa sharti: akiona upuuzi, ananichukua nyumbani na sirudi tena. Na kwangu hapo ndipo mahali pekee nilipowahi kuitwa kiongozi.

Akatazama tulivyotupa majani juu ya fito, akasonya. "Nani aliwafundisha kuezeka? Kuku?" Akapanda juu ya meza. Sisi tukawa tunampa majani, yeye anayapanga yakilaliana, anayafunga kwa kamba za mgomba mkavu. Utomvu ulitutia madoa meusi ambayo sabuni haikuyaweza. Kufikia jioni hapakuwa na pa kupita hata tone. Alikuwa ameezeka nyumba nne maishani, akasema, na hakuna iliyomwaibisha.

Mwalimu akarudi, akaingia, akatazama juu. Kisha akaninong'oneza, "Nyota tutazionea wapi? Paa lisilopitisha nyota wala mvua si la sikukuu hii. Mwambie nyanyako."

"Mwalimu, tukitoboa pembeni tu, nyota mbili?"

"Hapa si sokoni."

Nikaenda. "Magokoro," nikaanza, kama tunavyowaita nyanya zetu, "wanataka paa livuje."

Akashika kiuno. "Yaani Mungu wenu anataka mnyeshewe?"

"Kidogo tu."

Nilisubiri aniambie nichukue viatu twende nyumbani. Badala yake akapanda tena mezani, akang'oa majani yake moja moja, akinung'unika.

Tulipokaa kula ugali na mboga za chinsaga, mvua ikaja bila hodi. Mwalimu akainuka upesi. "Sheria inaruhusu. Mvua ikiharibu chakula, tunaingia ndani."

Nyanya hakusogea. "Nimetoboa paa langu kwa mikono yangu, halafu mnakimbia? Kaa chini, mwalimu."

Mwalimu akakaa. Tukala tumefunika sahani kwa viganja, watoto wakicheka mpaka wakapaliwa, Nyanya akicheka kutushinda wote. Habari ya kunirudisha nyumbani hakuitaja tena.

Sasa amezikwa shambani, na migomba yake imekatwa kupisha vyumba vya kupangisha. Watoto wa siku hizi nawasimamia mimi. Wazazi wao wamechanga, wamenunua plastiki angavu, wanataka niitandaze juu ya majani: nyota zionekane, maji yasiingie. Nikikataa, kila homa ya juma hili itakuwa yangu. Nikikubali, sijui nitapitaje pale kaburini. Nimeuliza watu sita. Watatu wamesema hivi, watatu vile. Wewe, rafiki yangu, ungefanyaje?