Siku Mama Alipolala Porini

Mwezi uliopita nilikwenda mazikoni Urambo. Asubuhi ile ilikuwa na baridi ya kipupwe, ile inayopenya koti hadi mifupani. Nikaegemea dirisha la basi nikitafuta miti ya miyombo niliyoijua utotoni. Nikaona mashamba ya tumbaku na mabani ya kuikaushia. Nikajisikia nimechoka, na wala haukuwa uchovu wa safari. Nikamkumbuka mama.

Enzi za Mwingereza tulikaa mjini, mtaa wa Kanyenye, mimi binti yao pekee, baba akishona viatu barazani. Mwaka ule mdogo wangu, aliyekuwa bado ananyonya, alifariki kwa homa. Mama hakulia mbele za watu. Aliacha kulala, basi. Alfajiri tulimkuta ameketi jikoni macho makavu, na mchana kutwa alitwanga, akafua, akafagia palipokwisha kufagiwa. Bibi jirani alimchemshia majani ya kila aina. Mama alikunywa yote, akashukuru, asilale.

Asubuhi moja, akikoroga uji, akasema kama anaongea na moto, "Natamani kumwona pofu."

Alikulia kijijini, kando ya njia ya zamani ya misafara, na baba yake, mrina asali, alikuwa akimpeleka porini kuwatazama pofu, wale swala wakubwa wenye pembe zilizosokoteka. Tangu msiba hakuwa ametamani kitu chochote. Baba akasimama pale pale. "Basi twende leo."

Bibi jirani alituazima blanketi, akatufungia matobolwa ya viazi vitamu na karanga. Tukashika njia ya misafara, pana lakini imeota majani, upepo ukitupiga usoni na majani makavu yakivunjika chini ya nyayo. Tuliona tumbili. Tukaona alama za kwato, tukazifuata weee, zikapotelea kwenye mwamba. Jua lilipofika utosini miguu yangu ilikuwa mizito kama si yangu. Mama alizidi kutembea, midomo imepasuka kwa baridi.

"Tupumzike," baba akasema.

Tulikaa penye jua, chini ya mninga. Mama hakugusa chakula. Aliegemea shina, akajifunika blanketi, na kabla sijamaliza kumenya karanga kichwa chake kilikuwa kimelala begani kwake.

Ndipo tukasikia mlio, kama mtu anavunja vijiti taratibu. Ni magoti ya pofu yanavyoalika akitembea. Walitokea miongoni mwa miti, wakubwa kuliko ng'ombe, ngozi ya shingo ikining'inia. Nikanyoosha mkono nimtikise mama. Baba akaudaka.

"Mwache."

"Lakini baba, si ndio tumekuja kuwaona?"

"Tangu tumzike mtoto hajalala. Mwache mama yako alale." Alininong'oneza huku machozi yakimtiririka, na mkono wangu hakuuachia.

Wakapita karibu mno, harufu yao ikatufikia. Nyuma kabisa alikuwa jike na ndama wake. Nilifurahi mama hakuwaona, kisha nikasikitika hakuwaona.

Aliamka kivuli kilipomfikia. Akatazama kwato mbichi mchangani.

"Wamepita?"

"Wamepita," baba akajibu.

Nilingoja hasira. Mama akajifuta uso, akapiga mwayo mrefu. "Matobolwa yamebaki?" Akala yote. Njiani, akiwa amemwegemea baba, akaanza kulia kwa sauti, kilio ambacho hakukilia msibani. Baba hakumnyamazisha. Tulitembea hivyo hivyo mpaka taa za mjini.

Wote wawili walikwisha tangulia zamani. Ile njia imelimwa, na pori limeishia kwenye moto wa mabani. Wanangu huniambia pofu bado wapo hifadhini, watanipeleka kwa gari nikawatazame. Nawajibu nimechoka. Nikisinzia kitini wananiamsha ninywe dawa, ninywe chai, nizungumze na wageni. Wananipenda, najua. Ila aliyejua kuudaka mkono na kusema "mwache alale" alikuwa mmoja, naye nilimzika.