Niliharibu Pedi ya Gemu Aliyoitengeneza Mke Wangu

Ndugu msomaji, mwenye kosa katika habari hii ni mimi. Usipoteze muda kumtafuta mwingine. Si shetani, si mchawi, si marafiki wabaya. Ni mimi, mtu mzima na ndevu zangu, na akili zilikuwa timamu kabisa siku nilipofanya upuuzi huu.

Mimi ni fundi hapa Gungu. Redio, simu, pasi, feni, chochote chenye waya nafungua. Juu ya mlango wa kibanda changu nimeandika kwa rangi nyekundu DAKTARI WA UMEME. Daktari! Ukimaliza kusoma utalicheka hilo neno mpaka mbavu ziume.

Mke wangu nitamwita Mama Zawadi. Tulipooana alikuwa msusi. Wateja wa kusuka walipopungua akaanza kushinda na mimi kibandani, ananimulikia tochi, ananipa bisibisi. Nikamfundisha kulehemu. Nilimfundisha mimi, na nilihakikisha Gungu nzima inajua. Mteja akimkuta ameshika chuma cha kulehemu, haraka haraka namwambia, "Huyo mwanafunzi wangu." Miaka sita, bado mwanafunzi! Kuhitimu hakukuwa kwenye mpango.

Sasa, kuna gemu za zamani, zile za kaseti. Unachomeka kaseti juu, unaunganisha na tivii, unacheza. Wengi tumekua nazo, na majumbani bado zimo. Kinachokufa kwanza ni pedi, kile kidude cha kushika mkononi chenye vitufe. Raba za ndani zinaisha, waya unakatika, na madukani hazipatikani tena. Mtu akiniletea pedi ya namna hiyo nilikuwa namjibu, "Tupa hiyo, nunua gemu ya kisasa." Ndivyo nilivyokuwa. Daktari ambaye kila mgonjwa akimwona anaagiza jeneza.

Mama Zawadi hakutupa. Alizikusanya kwenye ndoo. Ndani ya kila pedi iliyokufa kuna saketi ndogo ambayo mara nyingi ni nzima. Akawa anaitoa, anaifunga kwenye kipande cha mninga alichookota kwa seremala jirani yetu, na vitufe anachomoa kwenye mausi za kompyuta mbovu. Sura ya pedi zake ilikuwa kama mwiko uliovunjika. Nilimcheka sana. Lakini ukiichomeka, inacheza!

Wa kwanza kumpatia jina alikuwa Kabwe, mvuvi wa dagaa wa Kibirizi, ambaye wazazi wake walitoka ng'ambo ya ziwa, Kongo. Injini ya boti ilimkata vidole viwili vya mkono wa kulia. Alikuja na gemu aliyoachiwa na marehemu baba yake.

"Mama Zawadi, mimi vidole ninavyo vitatu tu huku. Utanisaidiaje?"

Mke wangu akatoa bonge la udongo wa kufinyangia vyungu. "Bana hapa, kaka. Usikaze. Bana kama umeshika kitu na umetulia."

Kabwe akabana. Udongo ukabaki na umbo la kiganja chake, pamoja na pengo la vidole. Mama Zawadi akachonga mti kwa kufuata umbo lile, akapanga vitufe pale vidole vitatu vinapofika. Siku ya kuijaribu Kabwe alipiga kelele kwa furaha mpaka mafundi baiskeli wa upande wa pili wakaacha kazi kuja kutazama.

Na mimi? Nikasema kwa sauti, "Haya, kibanda kimekuwa cha vyungu sasa."

Watu wakacheka kidogo. Kidogo tu. Nikaona hawakucheka vya kutosha, na hapo ndipo moyo wangu ulipoanza kuoza.

Habari ikamfikia dada mmoja anayefanyisha mazoezi ya viungo kwenye kituo cha watoto. Sisi tulizoea kumwita Dada wa Mazoezi. Akaja kibandani akaeleza kwamba watoto walioungua au kuumia mikono wanatakiwa kukunja na kukunjua vidole kutwa nzima, na wanalia kwa maumivu. "Ila mtoto ukimpa gemu anafanya mazoezi bila kujua. Na hizi za zamani ndizo nzuri, vitufe ni vichache."

Alikuwa anaongea na mke wangu. Mimi nimekaa pale pale, daktari mzima, nimeshika redio ya mtu.

Kuanzia hapo kila anayekuja ni, "Mama Zawadi yupo?"

"Katoka. Mimi nipo, nikusaidie nini?"

"Ah, basi, nitarudi."

Nitarudi! Kwenye kibanda changu! Kwenye mlango nilioupaka rangi kwa mkono wangu!

Kulikuwa na binti wa miaka kumi na moja, hapa nitamwita Pendo. Anaishi na bibi yake Ujiji. Bibi anapika mawese ya kuuza, na siku moja sufuria liliteleza, mafuta ya moto yakamwagikia mkono wa kulia wa yule mtoto. Kidonda kilipopona, ngozi ikavuta, vidole vikajikunja ndani. Mama Zawadi alifanya kazi wiki tatu kwa ajili ya mkono ule. Alimfinyisha udongo mara nne. Kitufe cha kulia alikiweka mbali kidogo kuliko vingine, ili kidole cha mwisho kijinyooshe kidogo kila kinapokitafuta. Pendo mwenyewe alichagua rangi: bluu, na nukta za njano.

Ikapangwa siku. Dada wa Mazoezi aje na wakubwa wake wawili, Pendo acheze mbele yao, na wakiridhika Mama Zawadi awafanyie watoto wote wa kituo.

Siku moja kabla, mke wangu alikwenda msibani Mwanga. Akaniachia kibanda. Ilikuwa saa sita mchana, jua kali, watu wanapita barabarani. Nikaifungua ile pedi ya bluu.

Nikabadilisha waya wa kulia na wa kushoto. Nikalegeza lehemu ya kitufe cha kurukia, isikatike, ishike na kuachia. Nikafunga skrubu zote vizuri, nikaifuta vumbi. Dakika kumi hazikufika. Nilikuwa napiga mluzi! Nakumbuka kabisa, napiga mluzi kama mtu anayefanya kazi halali.

Nilijiambia ni utani mdogo. Kwamba ikigoma, mimi ndiye nitaitwa kuirekebisha, nitaonekana. Nilishaipanga picha nzima kichwani: wakubwa wanatikisa vichwa, mimi naingia kati, nafungua, natengeneza, watu wanasema kumbe fundi ni huyu. Ona akili ya mtu mzima!

Kesho yake walikuja. Pendo amevaa gauni la sikukuu, bibi yake kamshika bega. Gemu ikawaka. Kile kijitu kwenye tivii kinatakiwa kikimbie kulia na kuruka mashimo. Pendo akabonyeza. Kikakimbia kushoto, kikagonga ukuta.

"Bonyeza kulia, mwanangu," Dada wa Mazoezi akamwambia taratibu.

"Nimebonyeza."

"Jaribu tena."

"Nimebonyeza kulia!" Akajaribu kuruka. Kikaruka mara moja, mara ya pili kikatumbukia. Akaanza tena. Kikatumbukia. Mara ya tano au ya sita akaiweka pedi mezani, akautazama mkono wake.

"Mkono wangu haunisikii," akasema.

Akauingiza chini ya kitenge cha bibi yake, hakuutoa tena.

Hapo ningeweza kusema. Mdomo ninao, meno ninayo. Unajua nilisema nini? Nilisema, "Mimi niliwaambia, umeme siyo mambo ya kusuka nywele."

Hakuna aliyecheka. Wala hakuna aliyeniomba nitengeneze. Wale wakubwa walishukuru kwa adabu, wakaondoka.

Mama Zawadi hakulia. Aliifungua pedi palepale. Akaangalia ndani kwa muda mrefu. Mimi lehemu yangu ni nene, inakaa kama tone la uji. Yake ni nyembamba. Mtu akishakaa na wewe meza moja miaka sita anakujua hata kwa hilo.

"Baba Zawadi, nani kafungua hii?"

"Nitajuaje? Mwenyewe umeiunga vibaya."

"Nakuuliza mara moja tu. Umefungua?"

"Haki ya Mungu sijagusa! Mungu aniue hapa hapa!"

Akaitikia kwa kichwa. Akaifunika pedi kwa kitambaa. Jioni hiyo alimchukua mtoto wetu Zawadi, akapanda bodaboda kwenda kwa wazazi wake Simbo.

Unadhani nilijuta? Thubutu! Nilifurahi kwamba kibanda kimerudi kuwa changu. Nikasema sasa nitawaonyesha. Nikatengeneza pedi tatu, nikazipiga msasa, nikazipaka vanishi, zinang'aa kama samani za bwana harusi. Nikazipeleka kituoni mwenyewe, nimevaa shati jeupe.

Dada wa Mazoezi akampa mtoto mmoja. Mtoto akaigeuza, akaigeuza tena, haikukaa mkononi. Wa pili vilevile.

"Mikono yao umeipimia wapi?" akaniuliza.

"Nimetumia kipimo cha kawaida."

"Hawa hawana mikono ya kawaida, kaka. Ndiyo maana wako hapa."

Nikauliza, kwa kutafuta la kusema tu, Pendo anaendeleaje.

"Pendo? Hajaja tangu siku ile. Miezi minne sasa. Nimemfuata mara mbili, anajificha. Anasema mkono wake umekufa, asisumbuliwe."

Ndugu msomaji, hapo ndipo nilipojisikia kinyaa. Sikusikia huzuni, nilisikia kinyaa, kama umekuta funza kwenye chakula ambacho umeshakila nusu. Nilikuwa nimemshinda nani? Nimegombana na mke wangu, nikapitia kwenye mkono wa mtoto!

Kesho yake nilikwenda Simbo. Nilimkuta baba mkwe anapukuchua mahindi. Nikamwamkia, nikapiga magoti, nikasema yote mbele yake na mbele ya Mama Zawadi. Mzee aliendelea kupukuchua.

Mke wangu ndiye aliyesema. "Nilijua siku ile ile. Kuharibu pedi ningekusamehe, ni mti na waya. Umeniapia uongo, na mtoto umemwona mwenyewe akiuficha mkono wake. Sasa usinipigie magoti mimi kwanza. Kuna mtu Ujiji anaamini mkono wake umekufa. Nenda kamwambie."

"Twende wote basi."

"Wakati unafungua pedi tulikuwa wote?"

Nikaenda peke yangu. Bibi wa Pendo alikuwa uani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe si yule mume wa fundi?"

Mume wa fundi! Zamani ningejibu. Siku ile nilisema, "Ego, ndiyo, ni mimi." Akamwita Pendo. Akatoka, mkono uko ndani ya sweta, na jua lote lile.

Nikamwambia, "Pendo, mkono wako siku ile ulikuwa unabonyeza sawasawa. Mimi ndiye niliyebadilisha waya. Nilifanya makusudi."

Aliniangalia. "Makusudi kwa nini?"

Nimefikiri jibu la swali hilo mpaka leo. Kuna jibu gani ambalo mtu wa miaka thelathini na nane anaweza kumpa mtoto wa miaka kumi na moja? Kwamba mke wangu aliulizwa na wateja kuliko mimi? Nilisema, "Wivu." Neno lenyewe lilikuwa dogo, la aibu.

Bibi akachukua ufagio. Nikadhani ananipiga, na ningekubali. Akaanza kufagia pale nilipokuwa nimesimama, mpaka nikarudi nyuma hatua kwa hatua, mpaka nje ya ua. Alinifagia tu kama takataka, na hakukosea.

Pendo alirudi kwenye mazoezi baada ya wiki mbili. Mke wangu aliirekebisha ile ya bluu akampa. Wakubwa wa kituo nao walirudi kwa Mama Zawadi, na sasa pedi zake zinatumika na watoto kule. Naye alirudi nyumbani, baada ya vikao viwili vya wazazi wa pande zote. Tunaongea, tunakula, tunacheka hata. Lakini amenunua kufuli. Kila akitoka, hata kwenda bombani tu na ndoo, anafungia sanduku la kazi zake, na funguo anaingiza kifuani. Hafanyi kwa hasira. Anafanya kama mtu anayefunika chungu nzi wasiingie. Mimi naisikia ile kufuli inalia "ka!", nainamisha kichwa kwenye redio za watu.

Na Pendo? Vidole vinne vimefunguka, anashika kikombe, anaandika. Cha mwisho kimebaki kimejikunja. Nilimuuliza Dada wa Mazoezi kama kingefunguka iwapo asingeacha ile miezi minne. Akasema, "Huenda." Alisema hivyo tu, akaendelea na kazi yake.

Basi wewe mwenzangu ambaye mkeo, au mdogo wako, au uliyemfundisha kazi mwenyewe, ameanza kuulizwa mlangoni kuliko wewe, na mkono umeanza kukuwasha. Nakujua. Unajiambia ni utani, ni kumfundisha adabu kidogo. Mpumbavu mkubwa! Utakayemuumiza hata hujamfikiria, na siku atakapokuuliza kwa nini, utakosa pa kuuweka uso wako.