Kofia Niliyofua Bila Kuombwa

Kwetu Uvira, kule Kongo, mgeni akilala kwako zaidi ya siku tatu, nguo zake zimekuwa zako. Unazifua pamoja na za nyumba yako na unazianika kwenye kamba moja. Jirani akipita akaona shati la mgeni lina shingo nyeusi, hasemi mgeni ni mchafu. Anasema, "Yule mama iko muvivu." Naanza na hilo ili msinihukumu haraka, maana yote haya yalianzia kwenye beseni.

Naishi na binti yangu hapa Germantown, Marekani, kwenye zile nyumba zilizoshikana ubavu kwa ubavu kama meno. Yeye anatunza wazee mahali fulani mbali, anaondoka saa kumi na moja alfajiri kabla barabara haijajaa magari, anarudi giza linaingia. Mimi nabaki. Miaka michache iliyopita alirudi siku moja akaniambia tutapokea mchezaji. Kuna timu ndogo mwendo wa dakika arobaini kutoka hapa, haina nyumba za wachezaji, kwa hiyo familia zinaombwa ziwalaze mpaka msimu uishe.

"Mchezaji wa nini?" nikauliza.

"Besiboli, mama."

Nilivunjika moyo. Nilidhani mpira wa miguu. Marehemu mume wangu alikuwa beki wa timu ya watu wa bandarini mpaka goti likamtoa, na hata uzeeni, akiona kopo njiani, lazima alipige teke. Alivunja taa ya baiskeli ya padri kwa kopo la nyanya. Lakini hiyo ni habari nyingine.

Mchezaji alikuja mwezi wa tano na mabegi mawili na marungu manne ya kugongea mpira. Mmarekani mweusi kutoka kusini, mrefu, ameinama kidogo mlangoni kama anaogopa kugonga kizingiti. Akaniambia, "Shikamoo, mama." Sasa sisi watu wa Kivu shikamoo tunaisikia kwa Watanzania tu. Jibu likanipotea. Nikasema, "Amina."

Kumbe mama yake ni mwalimu, alijifunza Kiswahili vitabuni tangu usichana wake kwa mapenzi tu, akamlea mwanawe nacho. Kwa hiyo huyu bwana alisema Kiswahili kilichopigwa pasi.

"Mama, ningependa kujua kama ninaruhusiwa kutumia jokofu."

Nikamgeukia binti yangu. "Anatafuta nini?"

"Frigo, mama."

"Frigo! Mutoto, fungula ukule!"

Tangu siku hiyo akaniita Koko, ndivyo tunavyomwita bibi kwetu, na tukaelewana. Michezo yao ni ya jioni, kwa hiyo aliamka asubuhi imekwisha nusu, na saa nane mchana tulikula pamoja, yeye na mimi. Nilimpa bugali na ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa letu, wakavu, wanaouzwa kwenye maduka ya Waafrika. Watu wengine hapa wanafungua madirisha nikiwakaanga. Yeye alikula vichwa na mikia.

Mezani ndipo aliponieleza kazi yake. Mimi shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo alichukua maharage niliyokuwa nachambua akayapanga kwenye sahani, moja juu ya jingine. Besiboli ya kazi ni ngazi, akasema. Harage la juu kabisa ni timu kubwa, zile za kwenye televisheni. Chini yake timu ndogo, chini yake ndogo zaidi. Ukicheza vizuri wanakupandisha. Ukiumia au ukilegea wanakushusha, na wanakuambia asubuhi, na mchana umeshaondoka na begi lako. Yeye alipanda miaka saba. Kule juu alikaa siku kumi na tisa.

"Siku kumi na tisa, Koko. Chumba cha hoteli kilikuwa na mito sita. Nililalia mmoja, mitano nikaitazama."

Halafu bega likachanika, akapasuliwa, akaanza kushuka, harage kwa harage.

"Na sasa wewe ni harage gani?"

Akachukua moja akaliweka nje ya sahani kabisa. "Hapa. Karibu na chumvi."

Timu yetu haikuwa hata kwenye ngazi. Ilikuwa ya watu wanaotaka kuonekana ili warudi ngazini. Akaniambia amejiwekea ahadi: kama hakuna mtu wa ngazini atakayempigia simu kabla ya majira ya joto kuisha, anaacha. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na kwenye mchezo huo ni uzee. Mimi mwenye sabini na kitu nikacheka mpaka nikakohoa.

Mwezi wa saba akawaka moto. Kila mchezo lazima agonge angalau mpira mmoja wa kumfikisha salama kwenye kituo cha kwanza. Siku kumi mfululizo. Kumi na tano. Kumi na saba! Na wachezaji hao, mambo yakienda vizuri, hawabadilishi kitu, wanaogopa kuishtua bahati. Soksi ya kushoto kwanza. Ndagala saa nane, kwa sababu siku moto ulipowaka alikuwa amekula ndagala. Wenzake kwenye basi wakamhama kiti. Na kofia haifuliwi. Jamani, kofia ile. Ilikuwa ya buluu, ikafanya mistari myeupe ya chumvi, mstari juu ya mstari, na ilining'inia kwenye msumari wa jikoni kwangu.

Ndipo habari ikaja kwamba mtu wa timu ya ngazini atakuja kumtazama Ijumaa ya wiki inayofuata. Kanisani wamama wa maombi wakashangilia kama ni mtoto wao. Wakapanga waje kuomba kwetu Jumapili baada ya ibada.

"Ile kofia iko inanuka," nikamwambia binti yangu. "Wamama watakaa wapi?"

"Mama, usiiguse. Iko na bahati yake. Umesikia?"

"Nimesikia."

Nilisikia. Jumamosi asubuhi, yeye yuko kazini na mgeni amelala, nikachukua beseni, sabuni ya mche na burashi. Maji yalitoka rangi ya chai mara tatu. Kuanika nako ni shida, maana kamati ya mtaa huu inakataza nguo kuonekana nje, tumeshapata barua, kwa hiyo niliificha kwenye kiti cha nyuma ya nyumba, kati ya vyungu vya maua.

Nikisema nilifua kwa aibu ya wamama, sidanganyi. Lakini siku hizi sina sababu ya kuficha. Kila mara walipoomba apandishwe, mimi nilitoa amina ya mdomo tu. Akipanda, anaondoka. Kabla hajaja nilikuwa naongea na frigo. Sasa kulikuwa na mtu wa saa nane, mtu wa kuniambia jana alikosea wapi. Sikupanga kumharibia. Akili haikujua. Mkono, labda, ulijua.

Alipanda kutoka chumba chake cha chini, akatazama msumari.

"Koko, kofia yangu iko wapi?"

"Inakauka."

"Inakauka kwa nini?"

"Kwa sababu imelowa."

Akakaa. Halafu, mtoto aliyelelewa vizuri ana shida zake, akasema, "Ahsante, Koko. Bila shaka sasa imetakata." Akaivaa mbichi vilevile, maji yakimchuruzika sikioni. Afadhali angenitukana.

Jioni ile alikwenda kugonga mara nne, mara nne akarudi kukaa. Jumapili vilevile, na wamama walikuwa wameomba saa nzima. Jumanne vilevile.

"Mama, nilikuambia," binti yangu akasema.

"Uliniambia."

"Na ukafanya."

"Nikafanya."

Jumatano ilikuwa siku ya mapumziko. Kofia ilikuwa msumarini, safi, inanitazama. Kanisa lilitupa sisi wazee vipande vya kulima, changu nimepanda lengalenga, mchicha wa kwetu, na maboga. Nikaiweka kofia kwenye mfuko, nikatembea hadi shambani, nikaivaa juu ya kitambaa changu nikaivuta mpaka masikioni, nikaanza kulima. Jua lilikuwa kali. Nikilima nasimama, naipaka udongo kwenye ukingo, naendelea. Mtu mmoja aliyekuwa na mbwa alinipungia mkono. Nikampungia.

Saa sita nikasikia gari. Mgeni wangu alikuwa amenitafuta nyumba nzima.

"Koko, unafanya nini?"

"Ninarudisha."

"Unarudisha nini?"

"Jasho."

Alicheka mpaka miguu ikamkataa, akakaa juu ya lengalenga zangu. Sikucheka. Nilimwambia kila kitu pale pale, habari ya amina ya mdomo, habari ya frigo. Akaacha kucheka. Akaanza kung'oa magugu karibu naye, na hayakuwa magugu, ilikuwa miche yangu ya maboga, lakini nilimwachia.

"Nimelala katika nyumba za watu kwenye miji kumi na mmoja," akasema. "Wote waliniombea niende juu. Wewe ndiye wa kwanza kutaka nibaki."

"Sikuomba ubaki. Nilinyamaza tu."

"Hata hivyo."

Halafu akasema, "Na si kofia, Koko. Bega linachoka. Bega likichoka, rungu linachelewa. Kofia haina kosa." Akanyoosha mkono kuichukua kichwani kwangu, akainusa, akarudisha uso nyuma kama mtu aliyechungulia pilipili. "Lakini hili lako ni kali. Huenda likasaidia."

Ijumaa tulikwenda, mimi na binti yangu. Mtu wa ngazini alikaa nyuma ya wavu na daftari, hana sura ya furaha wala huzuni. Mara ya kwanza, mgeni wetu alirudi kukaa. Mara ya pili pia, na nikaanza kuuma kitambaa. Mara ya tatu rungu lilitoa mlio kama ukuni mkavu unapopasuka, mpira ukapita katikati ya watu wawili, naye akakimbia. Mimi nilisimama nikipiga kelele "Kimbia!" na alikuwa ameshafika zamani. Akiwa kituoni pale akaitoa ile kofia kwenye mfuko wa nyuma, maana wakigonga wanavaa ya chuma, au plastiki, sijui, akaitikisa upande wetu. Wazungu waliokaa mbele wakageuka kutazama nani huyo. Mara ya nne akagonga tena.

Jumatatu asubuhi simu ikalia. Harage la tatu kutoka juu, mji wa mbali, ndege saa saba. Nikamfungia ndagala kwenye bakuli la kifuniko, nikafunga na mfuko, na mfuko mwingine juu yake, kwa heshima ya abiria. Wamama wawili walikuja mbio kuomba. Amina ya siku ile niliitoa na tumbo lote. Nilipofunga mlango, saa nane ilikuwa bado, nami nikakaa kuingoja.

Wiki za kwanza binti yangu alinisomea habari zake kwenye simu. Aligonga. Akagonga tena. Halafu siku mbili hakuwekwa uwanjani, halafu wiki. Nikajua ni bega, hakuna aliyeniambia. Mwezi wa tisa akanipigia mwenyewe, mchana.

"Koko, nimeshushwa."

"Harage gani?"

"Hakuna harage tena. Nimeacha."

Nilitaka kumpa neno la Mungu, likanikimbia kama ile shikamoo. Nikasema, "Basi kuya kunyumba. Bugali ni saa nane."

Alikuja baada ya siku tatu, akiwa njiani kwenda kwa mama yake. Mabegi mawili, rungu moja. Akainama mlangoni.

"Shikamoo, Koko."

"Marahaba," nikasema, maana nilikuwa nimejifunza.

Akaivua kofia. Mistari ya chumvi ilikuwa imerudi yote, na mingine mipya juu yake. Akanipa kwa mikono miwili, kama tunavyompa mkubwa kitu.

"Sasa ninaomba unifulie."

Mimi niliyeifua bila kuombwa, nilipoombwa mikono ilikataa. Nikamwambia, "Nitaweka maji. Utasugua mwenyewe." Tukakaa nyuma ya nyumba na beseni katikati yetu. Alisugua vibaya, kama mwanamume, mpaka nikamnyang'anya burashi, akabaki kushika ukingo ili nipate mahali pa kukaza. Maji ya kwanza yalitoka mekundu kidogo.

"Udongo wako, Koko."

"Bado umo?"

"Haukutoka hata siku moja."

Maji ya tatu yalipotakata alikuwa analia, mimi pia, na ndagala zilikuwa zinaungua jikoni. Kofia sikuificha kwenye vyungu. Niliitundika mbele ya nyumba, juu ya kitasa cha mlango wa barabarani, ikakaa pale siku mbili nzima. Barua ya kamati ilikuja. Binti yangu akaisoma amesimama, akaikunja mara nne, akaiweka chini ya mguu wa meza ile inayoyumba.