Zamu ya Taipureta

Jumanne nilikwenda ofisi ya utafiti ya chuo kikuu, hapa Kisumu, kuulizia ripoti ya samaki aina ya mbuta. Nikamkuta mkurugenzi, mtu wa digrii tatu, akipiga taipureta kwa vidole viwili. Karatasi ilijaa herufi zisizo na maana yoyote. Kando ya meza, ndani ya katoni, kulikuwa na mtoto mchanga amelala fofofo.

Akanionyesha katoni kwa kidevu. "Ni wa afisa wetu wa miradi. Yaya ameenda kwao Asembo. Huyu halali bila kelele ya mashine, na fomu za wafadhili ni mama yake tu anazijua. Gari ya kuzipeleka inatoka saa sita."

Kupitia mlango niliona mama huyo kapiga magoti sakafuni, amezungukwa na fomu za watafiti wanaoomba fedha.

"Mzee, unajua kutaipu?"

"Mimi ni mwandishi wa gazeti."

"Basi kaa. Vidole vyangu vimekufa. Na usiache, nyathi, huyu mtoto, ataamka."

Nikakaa. Ukutani palibandikwa ratiba ya zamu za taipureta, hata profesa wa samaki yumo, na chini yake muhuri wa ofisi. Hotuba kuhusu akina mama makazini nimezisikia nyingi. Msaada uliopigwa muhuri sikuwa nimeuona.

Safu hii, msomaji, nimeiandika papa hapa, kwa taipureta hii hii. Sasa mama ametoka na bahasha, gari limewashwa, ananiashiria niache.

Sithubutu.