Nilivyosafisha Shamba la Fiwi

Chekeni taratibu, jamani, maana kibarua changu kinaelekea kuota nyasi.

Nimeajiriwa juzijuzi kwenye shamba la majaribio hapa Iyunga. Tunachanganya mbegu za fiwi, yale maharage mapana yanayodharauliwa mjini, tupate aina isiyougua kutu ya majani. Wiki iliyopita Bwana Shamba alikwenda Iringa kuwachukua wakubwa waje kukagua kazi yetu. Shamba akaniachia mimi, fundi wa kila kitu.

Nikaona kati ya mistari mizuri kuna mistari imejaa madoa ya kutu. Aibu gani hii mbele ya wakubwa wa jimbo? Nikaing'oa yote, nikampa mbuzi aliyekuwa akinoneshwa kwa ajili ya wageni. Alikula mpaka akalala.

Wageni walipofika, wakakaribishwa chakula kwanza, kama ilivyo desturi. Wakaisifu sana nyama.

"Mkishiba tutakwenda shambani," Bwana Shamba akawaambia. "Mtaona mistari migonjwa tuliyoipanda makusudi iambukize mingine, tujue fiwi ipi inastahimili. Bila hiyo hatuna jaribio." Akanigeukia. "Kijana, wagonjwa wetu hawajambo?"

"Shikamoo, Bwana," nikasema, ingawa nilikwisha kumwamkia. "Niliwang'oa. Nikampa mbuzi."

"Mbuzi yupi?"

Nilikodolea macho mfupa uliokuwa mkononi mwa mkubwa wa Iringa, naye akaurudisha polepole kwenye sahani.