Nilimpeleka Kapteni Kuiona Nyumba ya Shemeji

Kosa ni langu, wala simsingizii shetani. Shetani hakuwa na gari la kumpeleka kapteni kule mlimani. Gari lilikuwa langu.

Nilikuwa mchoraji wa ramani za nyumba hapa Kampala, enzi za utawala wa jeshi. Wahindi walishafukuzwa, saruji na mabati hupati ila kwa magendo. Mume wa dada yangu akaniomba kijumba cha mapumziko kwenye kiwanja chake, ng'ambo ya Makindye, kuelekea ziwani. "Shemeji, tumia kilichopo," akaniambia.

Nikatumia. Mwamba sikuuvunja, niliufanya ukuta wa nyuma. Mvule sikuukata, baraza ikalizunguka shina lake. Paa la nyasi likalala sawasawa na mteremko. Jamani, kilipendeza! Watu walipita njiani wasijue kuna nyumba. Nikavimba kichwa.

Siku moja kapteni akaja ofisini kwangu Nakasero, naye anataka nyumba ya mapumziko. Nikamchorea. Akaigeuza ramani juu chini. "Mimi hapana jua hii mistari. Wewe onyesha mimi nyumba!"

Kampala nzima tulijua: kitu chako kizuri, askari asikione. Nilijua! Lakini niliitaka ile kazi, na sifa niliitaka zaidi. Nikampeleka.

Akapapasa mwamba, akakaa barazani. Shemeji, tuliyemkuta huko, akamletea chai. Nami, mpumbavu, nikawa namweleza nguzo moja moja.

"Hii nyumba iko mzuri sana," kapteni akasema. "Lakini najificha namna hii, iko naficha nani?"

"Hakuna mtu, afande," shemeji akajibu. "Ni mimi na mke wangu tu, Jumapili."

Wiki haikuisha. Askari walimtia shemeji kwenye buti la gari, dada yangu akiona, wakidai anaficha waasi. Hakurudi. Tulimtafuta hadi chumba cha maiti Mulago, wapi! Kapteni akahamia kwenye kijumba na mabibi zake. Hakubadilisha hata jiwe moja.

Dada yangu alinijia mara moja tu. "Kaka, yule mtu alikuwa hajui kusoma ramani. Si ungemwacha hivyo hivyo?" Tangu siku hiyo hanisemeshi. Hata tulipomzika mama alinipita kama hanijui. Inaniuma, jamani!

Ninyi mafundi mnaosoma hapa, sifa ni tamu, najua. Ila mwenye bunduki akitaka kuona kazi ya mkono wako, mpeleke kwako mwenyewe. Nyumba yangu, nayo niliichora mimi, ilikuwa njiani siku ile. Nilizungukia barabara nyingine ili asiione.